Sirene ya Nne

Wewe uliyekaa hapo, nyoosha miguu kwanza, nikuulize kitu. Kinalia, lakini hakijafiwa. Kinaita watu wote, lakini hakijui jina la hata mmoja. Siku kinaponyamaza, vyungu vya mtaa mzima vinanyamaza pamoja nacho. Ni nini?

Usiniambie radi. Usiniambie kengele ya kanisa, ingawa hapo umekaribia. Watoto wa Likasi wa leo hawawezi kujua, wamezaliwa kimya chake kimeshazoeleka. Lakini ukimwuliza mtu wa Panda, ule mtaa wa kambi ya wafanyakazi, mwenye mvi kichwani, atakujibu kabla hujamaliza: sirene. Sirene, yaani king'ora, ya kampuni ya madini, iliyokuwa ikilia mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na jioni. Ndiyo iliyowaamsha wanaume, ikawapa ruhusa ya kula, ikawarudisha kwa wake zao.

Aliyeipiga kwa miaka kumi na tisa ni Symphorien, mume wa Henriette. Kazi yenyewe haikutaka nguvu. Ilitaka mtu asiyechelewa, na Symphorien ni mtu ambaye akikuambia atafika saa tisa, saa tisa kasoro dakika moja nenda ukafungue mlango. Alipanda ngazi za chuma mpaka juu ya jengo la mashine, akatazama saa, akavuta mkono wa sirene, akashuka. Kule juu, alikuwa akisema, unaona mabati ya kambi nzima, unaona hata nguo za nani zimeanikwa.

Henriette naye, mke wa mtu wa saa, alikuwa na saa yake. Sirene ya jioni ikilia, aliwasha mbabula, lile jiko la bati la makala, yaani makaa, akaiweka uani ipigwe na upepo mpaka moshi uishe, kisha akateleka maji ya bukari, ugali wetu. Symphorien akitia mguu mlangoni, bukari ilikuwa inasongwa. Wanawake wote wa kambi walifanya hivyo hivyo.

Ikaja siku ya mwisho. Imepita zaidi ya miaka ishirini sasa. Mchana, karatasi ya majina ya walioachishwa kazi ilibandikwa getini, na wanaume waliojikuta juu yake walirudi nyumbani jua likiwa bado kali, kila mmoja na bahasha mkononi. Jina la Symphorien lilikuwemo pia, ila yeye aliambiwa amalize siku. Jioni akapiga sirene yake ya tatu kama kawaida. Hakuna aliyetoka kazini, maana wote walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao wakitazama chini. Hakuna mwanamke aliyewasha moto. Henriette mwenyewe alikaa tu kizingitini, mikono mapajani.

Ndipo ikalia mara ya nne.

Haikuwahi kulia mara ya nne. Wanaume waliruka. Mmoja alipiga kelele, "Banatuita! Bamebadilisha mawazo!" na wote wakatimua mbio kuelekea getini, huyu kifua wazi, yule na kiatu kimoja. Geti walilikuta limefungwa na mlinzi hajui kitu. Wakarudi polepole. Henriette aliwaona wakirudi, na mpaka leo anasema kurudi kule kulikuwa kubaya kuliko kule kwa mchana. Na yeye, katika vurugu ile, alishtukia tu mbabula imeshawaka. Mikono ilikuwa imewasha yenyewe kwa mazoea.

Symphorien alipoingia, Henriette alimwuliza, "Baba Élie, ile ya ine ilikuwa ya nini?"

"Tukule kwanza," akajibu.

Wakala. Jibu halikuja siku ile, wala mwaka ule. Kila mtu wa Panda akawa na lake: wengine walisema ni hasira, wengine ni pombe, ingawa Symphorien hanywi hata togwa la munkoyo lililolala usiku mmoja. Wengine wakasema mashine ilijilia. Mwenyewe alinyamaza. Mwishowe Henriette aliacha kuuliza, kama vile unavyoacha kulipapasa jino linalouma: linakaa palepale, wewe unatafunia upande mwingine.

Swali hilo ndilo mjukuu wao Gaëlle alilolitengenezea filamu.

Gaëlle ni binti wa Élie, mtoto wao wa kwanza. Ana miaka ishirini na sita, na anaishi nao pale Panda. Anapiga picha za harusi na ubatizo, na kila anachobakiza anakitia kwenye filamu zake mwenyewe, zile ambazo hakuna bwana harusi anayezilipia. Hii ilimchukua miaka miwili. Ina dakika ishirini na mbili. Ndani yake kuna ngazi za chuma zilizoota kutu, kuna wamama wazee wanaoiga sauti ya sirene kwa midomo yao, kila mmoja na mlio wake, mpaka unacheka. Mwishoni kuna Symphorien kwenye kiti, kikombe mkononi, na sauti ya Gaëlle inauliza, ikimwita kwa neno letu la babu na bibi: "Nkambo, ile ya ine ulipiga kwa sababu gani?" Mzee anainama, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Anasema, "Chai inapoa." Basi. Filamu imekwisha.

Gaëlle alituma filamu hiyo mahali tisa panapotoa msaada kwa watengenezaji wa filamu wasio na kampuni nyuma yao. Watano hawakujibu. Watatu walijibu kwamba wanasikitika, na Henriette akasema hajawahi kuona watu wanaosikitika kwa haraka namna ile. Wa tisa ulikuwa mfuko mmoja wa ng'ambo, na barua yao Gaëlle aliisoma uani kwa sauti, akiitoa katika Kifaransa kadiri anavyokwenda.

"Banasema filamu yetu bameipenda. Banasema batalipia kazi ya sauti, ile sauti mubaya ya upepo itoke. Halafu bataionyesha Lubumbashi mwezi muzima, mu maonyesho, pamoja na kazi za bengine, na kiisha itatembea miji mingine." Akageuza ukurasa.

"Na mukia wake?" Henriette aliuliza. "Barua kama hiyo haikosi mukia."

"Mukia iko. Banasema habataki filamu ionwe mbali mbele ya kuonwa nyumbani. Niionyeshe kwanza kwa bantu hamusini ba hapa. Kila muntu aandike jina, na maswali yabo nirekodi kwa sauti. Nitume vyote mbele ya mwisho wa mwezi. Kama sivyo, nafasi banamupa mwingine."

"Hamusini tu? Andika. Minye nitakupa majina mia, na nikiongeza bafu ba ku makaburi tutafika mia mbili."

"Nkambo! Na sauti zabo nitazitoa wapi?"

Henriette akafikiri. "Hapo kweli," alisema. "Bafu njo habasemaki."

Jaribio la kwanza lilikuwa katika darasa la shule ya msingi. Gaëlle aligawa karatasi za mwaliko mtaa mzima, na watu walizipokea vizuri, wakasema "tutaona", na ukisikia "tutaona" ya Panda ujue umeshakataliwa. Walikuja kumi na mmoja. Saba kati yao walikuwa watoto waliosikia kuna biskuti, na mmoja alikuwa baba aliyekuja kuchaji simu. Jioni ile Gaëlle hakula. Alikaa na barua magotini, akihesabu siku kwa vidole. Zilibaki tisa.

"Picha bote bako nazo mu simu," alisema. "Nani atatoka nyumbani kwake kuja kuangalia bazee?"

Henriette alimwangalia mtoto yule, akawaona wale wanaume wakirudi kutoka getini, na hakupenda kuwaona.

Ikaamuliwa filamu ionyeshwe nyumbani, siku ya posho, saa tisa. Siku ya posho ni Jumamosi. Panda wanaiita hivyo hadi leo, ingawa posho yenyewe ya kampuni, unga na maharagwe na samaki wa kukauka, ilikwisha pamoja na sirene. Projekta waliazimwa na parokia. Viti na turubai walikodi kwa Alphonse.

Sasa nikuambie habari za Alphonse. Ni mtu mwema, na kazi yake ni hiyo, viti na turubai. Ana turubai mbili. Moja ni nyeupe, ina vishada pembeni, ni ya harusi. Nyingine ni ya zambarau, na hiyo kila mtu wa Panda anaijua, maana chini yake karibu kila mtu amekwisha kumlilia mtu wake. Siku hiyo nyeupe ilikuwa imekwenda mji wa Kambove kwenye harusi. Alphonse akaleta ya zambarau.

"Inafunika vizuri zaidi," alimwambia Gaëlle. "Ndani kunakuwa giza, sinema yako itaonekana."

Hapo alisema kweli. Akaifunga barabarani mbele ya nyumba, akapanga viti, akaning'iniza mablanketi pembeni ili mwanga usiingie. Kisha, kwa kuwa mikono yake imefanya kazi ile miaka ishirini bila kumwuliza, alikata matawi mawili ya mtende na kuyachomeka kila upande wa barabara, kama yanavyochomekwa mahali penye matanga, ili magari yapunguze mwendo. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Gaëlle alikuwa ndani anapigana na nyaya. Symphorien alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Na Henriette? Henriette alikuwa amefua kitenge chake kizuri, kilikuwa kwenye kamba kinakauka kwa ajili ya saa tisa. Alikuwa amejifunga kikuukuu, kichwa wazi kwa sababu nywele zilikuwa hazijasukwa, amekaa chini juu ya mkeka mbele ya mlango, miguu ameinyoosha, anachagua maharagwe ya kuwapikia wageni.

Mwangalie mwenyewe. Turubai ya zambarau, matawi ya mtende, mwanamke mzee kichwa wazi juu ya mkeka, na mume haonekani.

Wa kwanza kupita alikuwa Aimée, jirani wa nyumba ya nne, anatoka sokoni na beseni kichwani. Alisimama. Beseni likashuka. Mikono ikapanda.

"Yooo! Mama Élie, yooo! Tumebaki na nani, ndugu yangu? Jana tu! Jana tu minye nilimuona ku barabara anatembea na miguu yake!"

Akaja anakimbia, akaanguka shingoni mwa Henriette.

Henriette alishtuka, roho ikampasuka: masikini Aimée, amefiwa. Labda ni yule kaka yake wa Kambove, aliyekuwa akikohoa. Na wewe unajua, mtu akikuangukia shingoni analia, humwulizi nani na lini. Unalia naye kwanza. Maswali yanakuja kamasi zikishafutwa. Basi Henriette akaacha maharagwe, akamkumbatia Aimée, akalia. Akalia vizuri, kwa moyo wote, maana kaka yule alikuwa mtu mpole.

"Alikuwa muntu muzuri!" Aimée alilia.

"Muzuri sana!" Henriette alilia.

"Hakusumbua muntu!"

"Hata siku moja!"

Sasa mtaa mzima ukasikia Mama Élie analia. Nani angetaka ushahidi mwingine? Walitoka upande huu na upande ule. Wanawake walikuja na unga, na makala ndani ya mifuko, na sufuria kubwa zile za kuazimana. Wanaume walikuja wamevaa mashati ya mikono mirefu, wakavuta viti chini ya turubai, wakakaa wakiegemeza videvu kwenye fimbo. Wale wazee waliokimbia getini siku ile walikuja karibu wote. Henriette, kupitia machozi, aliwaona wanavyojaa, akafikiri: kweli Aimée anapendwa, ila kwa nini matanga yake yanakaa kwangu?

Gaëlle alitoka ndani na waya shingoni. Akaona viti vimejaa. Uso wake uling'aa kama bati jipya.

"Nkambo! Bamekuja! Bote hawa!" Kisha akaona machozi. "Kwani kuna nini?"

Kabla Henriette hajafungua mdomo, alifika Dodo.

Dodo ni mzee kama Symphorien, na ni mtani wake. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule wanataniana tangu zamani za mababu, na kazi ya mtani inajulikana: mwenzako akifa, watu wengine wanalia, wewe unacheka. Unavaa nguo zake, unaiga mwendo wake, unamwambia maiti kila kitu ulichotaka kusema, na hakuna anayeruhusiwa kukukasirikia. Bila mtani, matanga yanakuwa mazito mno, hayabebeki.

Dodo aliingia bila kupiga hodi, akachukua kofia ya Symphorien iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaivaa. Akatoka nayo akitembea mgongo wima, hatua fupi fupi, mkono umekunjwa anatazama saa ambayo hana.

"Dakika ya ngapi? Saa sita! Nimekufa saa sita kamili, bantu ba Panda, sikuchelewa hata dakika moja! Mungu mwenyewe alikuwa bado anavaa viatu!"

Watu walicheka na machozi yao. Henriette hakucheka. Aliiangalia kofia ile. Akaiangalia turubai. Akayaona matawi kule barabarani, kwa mara ya kwanza.

"Aimée," alisema polepole, "tunamulilia nani?"

Aimée akamtazama kwa huruma. "Bwana yako, Mama Élie."

Na hapo hapo, akitoka upande wa sokoni, mgongo wima, hatua fupi fupi, kichwa kimenyolewa kinang'aa, koti la Jumapili likiwa limepigwa pasi, akaja Symphorien. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika moja. Aliona turubai, akaona umati, akavua miwani, akamshika bega mtu wa kwanza aliyemkuta.

"Pole yenu," alisema kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. "Nani amekufa?"

Yule mtu alimtazama, mdomo wazi. "Weye," akasema.

Sitakueleza kelele iliyofuata. Mwanamke mmoja alikimbia na sufuria yake. Mwingine alimshika Symphorien mkono, akaufinya, akaunusa. Dodo alisimama na kofia kichwani, anatazamana na mwenye kofia.

"Irudishe," Symphorien alisema.

"Subiri kwanza. Weye unarudi, njo unataka kofia? Kule hakuna kofia?"

Lakini vicheko vilipotulia, hasira zikaingia. Alphonse, aliyekuja mbio kwa kusikia, alisimama akijishika kichwa na kusema, "Mikono! Ni mikono yangu tu!" Aimée alikuwa amesimama, anajifunga upya kitenge chake kwa nguvu.

"Kumulilia muntu muzima si jambo la muchezo," alisema. "Mumetuita hapa kutuchekelea? Kwa sababu ya picha? Minye nimeacha samaki ku jua."

"Hapana, mama, si hivyo," Gaëlle alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni kosa. Lakini kwa kuwa mumefika, naomba mukae. Dakika ishirini na mbili tu."

"Tumekuja matanga, hatukuja sinema." Wanawake walianza kuokota mifuko yao ya makala. Viti vya nyuma vikakwaruza chini, watu wakiinuka.

Henriette alimwona Gaëlle akiwahesabu waliobaki wamekaa, midomo ikitembea bila sauti. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Zilibaki siku mbili mwezi kwisha. Akataka kusema kitu, lakini ni yeye aliyelia mpaka mtaa ukasikia, angesema nini?

"Mukae!" Alikuwa Dodo, kofia bado kichwani, amepanda juu ya kiti. "Mukae, minye bado sijamaliza. Mutani njo anafunga matanga, ama nimesema uongo? Sikilizeni. Machozi yametoka, hayarudi mu macho. Tumemulilia huyu, kwa hiyo leo ni wetu. Siku zote mutani anamuuliza maiti maswali, na maiti hajibu. Leo Mungu ametupatia maiti yenye kusema! Munataka kuiacha bure?" Alimgeukia Symphorien. "Tutakaa. Tutaangalia sinema ya mutoto wako. Tukimaliza, minye nitakuuliza swali moja, na utanijibu. Hiyo njo malipo ya machozi ya Aimée. Unakubali?"

Watu wote walijua swali gani. Symphorien naye alijua. Alitazama barabara, kana kwamba angeweza kurudi kwa kinyozi. Kisha akamtazama Gaëlle, ambaye hakumwomba kitu, alisimama tu na waya wake shingoni.

"Muangalie kwanza," alisema, na akakaa kiti cha mbele.

Aimée alibaki amesimama kidogo. Kisha alivuta kiti. "Samaki bataoza," alisema. "Njo hivyo."

Mablanketi yakashushwa. Chini ya turubai ya zambarau kulikuwa giza la kutosha, Alphonse hakudanganya. Gaëlle alipitisha karatasi ya majina kutoka kiti hadi kiti, na Henriette, aliyekaa pembeni karibu na mbabula yenye maharagwe, aliifuata kwa macho jinsi inavyojaa. Ilipofika kwa Aimée, ikawa jina la hamsini. Baada yake waliandika kumi na wawili wengine.

Filamu ikaanza. Mwanzo watu walisemezana, huyu anaonyesha ukuta wake, yule anasema "ile ni nyumba yetu mbele ya kupakwa rangi". Wamama walipoanza kuiga sirene, turubai nzima ilicheka, na mmoja wao aliyekuwa kwenye filamu na kwenye kiti akasema, "Mutoto huyu amenichukua upande mubaya." Halafu zikaja zile ngazi. Kamera ilizipanda polepole, hatua moja moja, ukisikia upepo, ile sauti mbaya ya upepo. Juu kabisa kamera iligeuka, na kambi yote ikaonekana chini, mabati kwa mabati. Wazee waliinama mbele. Henriette akaona uani kwake, mdogo kama kiberiti, na nguo kwenye kamba. Hakujua kwamba kutoka kule unaonekana hivyo. Hakuwahi kupanda.

Kisha Symphorien na kikombe. Swali. Kamba ya kiatu. "Chai inapoa."

Mablanketi yakapandishwa. Jua lilikuwa limelegea. Hakuna aliyepiga makofi, na Gaëlle hakuyangojea. Alikuwa ameshachukua kamera yake na kipaza sauti kidogo, akampelekea Dodo.

Dodo alivua kofia. Alipoivua alikuwa mtu mwingine, mzee tu mwenye upara.

"Jina langu Dodo," aliiambia kamera. "Ile siku nilikimbia. Kiatu changu cha kushoto kilibaki mu mufereji, sikukirudia. Muke wangu alikuwa na mimba. Nilipokuwa nakimbia nilikuwa nasema: asante Mungu, asante Mungu." Akamgeukia Symphorien. "Mutani wako sichekeshi sasa. Ulituitia nini?"

Watu sitini na wawili, na ungeweza kusikia maharagwe yakichemka. Symphorien aliinama. Mkono wake ukashuka, taratibu, kuelekea kwenye kamba ya kiatu.

Gaëlle alishusha kamera kidogo. Henriette alimwona. Mtoto alikuwa na majina yake, alikuwa na swali lake kwa sauti. Barua haikudai jibu. Angeweza kumwacha mzee afunge kiatu chake, na Lubumbashi wangepata kila walichotaka.

Lakini Henriette alikuwa ametafunia upande mmoja zaidi ya miaka ishirini.

"Baba Élie," alisema kutoka pale penye mbabula. "Tulishakula."

Mkono ukasimama. Symphorien aliinua kichwa, akamtazama mkewe, na moshi mwembamba wa makala uliokuwa ukipanda mbele ya uso wake. Alitazama moshi ule kwa muda mrefu.

"Dodo, unisamehe," alisema. "Bote munisamehe. Niliwaona mukikimbia, na hapo njo nilielewa nimefanya nini. Nikaona haya. Mudomo ukafunga, na kila mwaka ulizidi kuwa muzito." "Kila jioni, nikiisha kupiga, nilikuwa nangoja kule juu kidogo. Naangalia chini mupaka nione moshi unatoka uani kwetu. Nikiuona, nashuka. Miaka kumi na tisa. Ile siku nikapiga ya tatu, nikangoja. Hakuna moshi. Kambi yote, hata nyumba moja. Nikaangalia zile ngazi, na miguu ikakataa. Nitaingiaje mu nyumba bila kazi, na moto haujawaka? Ile ya ine haikuwa ya kampuni, Henriette. Nilikuwa nakuita weye."